Mashavu ya Lusungu

Ikuti, Rungwe
4 Februari 2024

Mwanangu Tupokigwe,

Ugonile. Huku tumeamka salama, Mungu anatuona. Baba yako hajambo, kile kikohozi kimemwacha. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, maziwa tunagawia mpaka majirani. Mvua haikatiki, chai inachipua kuliko mikono ya kuichuma. Kaka yako Andrea bado yuko Mbeya mjini kwenye ujenzi. Anakuja mwisho wa mwezi, analala siku mbili, anaondoka. Akina mama wa kanisani wanakusalimia. Wamenirudisha kwenye ukatibu, eti hakuna mwingine mwenye mwandiko.

Sasa nikuambie lililonikaa kooni. Huyu mkamwana wetu Lusungu amenishinda. Tulipomchukua kule Suma tuliambiwa ni binti wa jembe. Binti wa jembe gani! Asubuhi mimi nimeshakamua, nimefagia, nimebandika ndizi, yeye amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono kaiweka mapajani kama mtu aliyekuja kutoa pole ya msiba. Eti vidole havikunji. Eti mpaka jua lipande ndipo vinalegea. Juzi nimempa kisu amenye ndizi, kikamponyoka mara tatu, nikakichukua mwenyewe. Na ana miaka ishirini na nne! Baridi yabisi ni ya kina bibi. Mimi na umri huu nachuma chai mpaka leo.

Na uso wake sasa! Amejipaka mkorogo, mwanangu. Mashavu yote mawili yameungua, yana rangi kama ya zambarau bivu, na alama imevuka mpaka juu ya pua. Akikaa juani ndiyo panamwaka. Nikimuuliza krimu kaitoa wapi, anaapa hajapaka kitu. Na nywele zinamtoka, nazikuta kwenye kitana, nazikuta mtoni, moja nimeikuta kwenye mboga. Siku ile sikula tena. Unanijua mimi na kinyaa changu.

Lakini lililonimaliza ni la Jumatano. Baba yako anatoka zizini, mkamwana yuko njiani na ndoo. Mila yetu unaijua: mkamwana akimwona baba mkwe anampisha, anaingia migombani, hamtazami wala hamsemeshi. Hilo hata binti za wachungaji wanalishika. Huyu akakaa chini! Pale pale katikati ya njia, akajifunika kanga kichwani, akatulia. Ikabidi mzee wa watu arudi nyuma, azungukie kule bondeni na mvua ile. Jirani yetu Hellen aliona, kwa hiyo Ikuti nzima imejua.

Nimeshamwambia Andrea, Pasaka ikipita mke wake arudi kwao. Wewe unayesomea uuguzi niambie, kuna dawa ya uvivu?

Mama yako,
Esnath


Chuoni, Songea
27 Februari 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, nimekonda kidogo kwa sababu ya maharage ya hapa, lakini usijali. Barua yako nimefurahi mno, maana simu zetu bado ziko kwenye sanduku la matroni mpaka likizo. Hongereni kwa ndama. Mwambie baba asimuuze, nataka nimkute.

Wiki hii tumeingia wodini kwa mara ya kwanza. Mama, we acha tu. Nimeona kidonda cha mtu aliyelala miezi mitatu, kwenye mfupa wa nyonga, na harufu yake nilitembea nayo mpaka bwenini. Nilikunja uso. Mwalimu wetu, Mwalimu Marietha, akanivuta nje kwa kiwiko. Hakugomba. Akasema tu, "Yule baba hakuwa anakiangalia kidonda. Alikuwa anakuangalia wewe." Nimelia chooni, kisha nikarudi kumgeuza.

Kuhusu wifi. Ndiyo tumeanza somo la maungio, na nimegundua baridi yabisi si ya wazee peke yao. Ipo inayomkamata hata msichana. Naomba uniangalizie: ni mikono yote miwili, au mmoja? Ni vidole vile vile kulia na kushoto? Ule ugumu wa asubuhi unamwachia saa ngapi? Andika ulichokiona, siyo ulichokisikia kwa mama Hellen.

Ila huo mkorogo niko upande wako mia kwa mia. Wenzangu hapa bwenini nao wanajipaka, wananuka kama betri, inatia kinyaa. Mama, usimwonee aibu. Mwambie aoshe uso wake kwa sabuni mpaka utoke wote, na hiyo krimu uitafute uitupe. Ikizidi itamlia ngozi yote.

Nisalimie baba, na wifi pia, japo umemkasirikia.

Mwanao,
Tupokigwe


Ikuti
17 Machi 2024

Mwanangu Tupokigwe,

Marahaba. Ndaga fijo kwa barua, nimeisoma mbele ya baba yako, akacheka hapo kwenye maharage. Ndama hauzwi. Mzee wetu mmoja wa kanisa amefariki, tumezika juzi, mimi ndiye niliyesoma historia ya marehemu. Andrea alikuja, ameondoka.

Umeniuliza nikuangalizie, nimeangalia, ingawa sikusomea. Ni mikono yote miwili. Viungio vya katikati ya vidole, na vifundo vya mikono, kulia sawa na kushoto. Magoti pia. Vinamwachia kama saa nne asubuhi, wakati mwenzake nimeshamaliza mistari ya chai. Pilipili hali tena, anasema mdomo una vidonda. Mwaka jana mimba ilimharibikia, unakumbuka, tukasema ni bahati mbaya. Sasa naona mwili wenyewe ndio mzembe.

Kuhusu uso, tulifanya ulivyosema. Hayo yameisha.

Sasa nikuambie jambo la kunitapisha. Kwa kuwa asubuhi hawezi kufika chooni, anajisaidia haja ndogo kwenye kopo, na kopo analimwaga nani? Mimi! Mama mkwe! Namwaga mkojo wa mkamwana kama yaya. Na mkojo wenyewe si wa kawaida, unafanya povu jeupe la kusimama, utadhani mtu ametia sabuni ya kufulia. Nilimuuliza kama anafulia humo, akaangalia pembeni. Nalimwaga nimeziba pua kwa upande wa kitenge, halafu nanawa mpaka viwiko.

Na eti anaumwa huku ananenepa! Miguu imejaa, ukibonyeza panabaki shimo. Asubuhi hata macho yamefumba kwa unene. Uvivu unampenda.

Wazee wamekubali. Wiki ya pili baada ya Pasaka watampeleka kwao Suma, watamkabidhi kwa heshima.

Mama yako,
Esnath


Chuoni
4 Aprili 2024

Mama,

Msimpeleke Suma. Mpelekeni hospitali Igogwe, siku hiyo hiyo utakayosoma hii, na mkojo wake uwe kwenye kopo safi. Salamu nitaleta baadaye.

Barua yako nimeipata jana saa saba, na somo lilikuwa saa tatu asubuhi. Laiti somo hilo lingekuja kabla sijakujibu ile Februari. Mwalimu Marietha alitufundisha magonjwa ya tishu unganishi. Ni kama uzi ulioshona mwili, mama: uko kwenye maungio, kwenye ngozi, kwenye mishipa, mpaka kwenye figo. Kuna ugonjwa ambao kinga ya mwili inakosea, inamshambulia mwenye mwili, inautafuna uzi huo kila ulipo. Unaitwa lupus. Unawapata zaidi wanawake, tena vijana. Vidole vinakakamaa asubuhi, nywele zinatoka, mdomo una vidonda, mimba zinaharibika. Na usoni inatokea alama mashavu yote mawili ikivuka pua, inayozidishwa na jua.

Kwenye kitabu picha ni ya Mzungu, alama nyekundu kabisa. Nikainua mkono nikauliza, kwa ngozi yetu inakuwaje? Mwalimu akajibu, "Inakuwa ya zambarau, au nyeusi kama pameungua. Wengi hudhani ni mkorogo." Darasa likacheka. Mimi sikucheka, mama. Nilihisi kutapika, na hapo hakukuwa na kidonda wala harufu.

Hilo povu ni figo. Figo zake zinavuja. Ile miguu si unene, ni maji. Akiachwa hivyo atakufa, na atafia Suma tukiwa tumemkabidhi kwa heshima!

Nimemwomba matroni simu, nikapiga namba ya baba, ndiyo pekee ninayoikumbuka kichwani. Mara nne haipatikani. Asitoke juani tena, hata kwenda mtoni. Na uniandikie mliuosha vipi uso wake. Uliandika "tulifanya ulivyosema". Nilisema vibaya, mama. Sikujua. Mlifanyaje?

Tupokigwe


Ikuti
5 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba, ingawa shikamoo hukuniletea. Barua yako nimeipata tarehe 25 Aprili. Mwenye ufunguo wa sanduku la barua la kanisa alikuwa msibani Kyela, hakuna aliyelifungua. Na simu ya baba yako ilitumbukia kwenye ndoo ya maziwa tangu Pasaka.

Nilikasirika. Mtoto tunamsomesha, anarudisha amri kama mlinzi wa geti! Nikaikunja nikaichomeka kwenye Biblia. Baba yako akaiona, akaisoma amesimama, mara mbili. Akauliza, "Yuko wapi?" Nikamwambia yuko ndani, safari ya Suma imeahirishwa mara mbili kwa sababu viatu havimwingii. Akaweka kofia yake juu ya kuni, akainama, akaingia mlango wa nyumba ya mwanawe.

Tupokigwe, nilipiga kelele. Tangu harusi mzee huyu hajawahi kuuona uso wa mkamwana wake, hata kanisani anakaa upande asioelekea. Nikasikia anamwambia, "Mama, panda." Akatoka naye amembeba mgongoni! Mchana kweupe, mzee wa kanisa mwenye mvi, mikono ya mkamwana imening'inia kifuani kwake, anateleza na matope ya mteremko ule ambao bodaboda zimekataa. Na mimi nyuma yao nimeshika kopo, nimelifunika kwa jani la mgomba. Nilitamani ardhi inimeze.

Barabarani tukakutana na akina mama wa kanisani wametoka zamu ya usafi. Hellen ndiye akafungua mdomo: "Mama Andrea, umebeba nini?" Nikasema maziwa.

Igogwe nesi mmoja kijana kama wewe alilipokea kopo lile kwa mikono miwili, akaliangalia kwenye mwanga, wala hakuziba pua. Nilimwangalia nikaona aibu. Daktari akasema ni kama ulivyoandika, na presha iko juu mno, wakampakia kwenye gari mpaka hospitali ya rufaa Mbeya. Andrea alitukuta huko, akalia mbele za watu. Wamemwanzishia vidonge vya kuituliza hiyo kinga, na vingine vya jamii ya dawa ya malaria ya zamani. Wanasema figo zimeumia, ila hazijafa. Tungesubiri mwezi mmoja, wasingesema hivyo.

Baba yako mgongo unamuuma. Wazee wamemwita kumuuliza kuhusu mila. Amewaambia waje wamuulize mkamwana akipona.

Uso daktari ameshauona. Usiniulize tena.

Mama yako


Chuoni
30 Mei 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo, na shikamoo ya ile barua iliyokosa. Nisamehe. Nimeisoma yako nikiwa kwenye foleni ya chakula, nikaacha sahani. Nimecheka kwenye maziwa, nimelia kwa baba. Mwambie namsalimu kwa magoti yote mawili, na apakwe dawa ya mgongo, asijifanye jemadari.

Wifi akirudi, dawa asiache hata akijisikia nafuu. Hapo ndipo wengi wanaharibu. Zile za kutuliza kinga zitamvimbisha uso uwe mduara, na watu watamsifia kwamba amenawiri. Asiwasikilize. Kofia pana na mikono mirefu, hata siku ya mawingu. Asiinue ndoo asubuhi. Na kopo liangaliwe kila siku: povu likirudi, hospitali.

Juzi tulikuwa na mtihani. Swali la nne: eleza dalili za lupus na huduma ya muuguzi kwa mgonjwa. Niliandika kurasa tatu bila kuinua kichwa. Mwalimu Marietha akanipa alama za juu darasani, akasoma majibu yangu kwa sauti, eti nimeandika kama niliyemwona mgonjwa. Wenzangu walinipigia makofi. Mama, nilijiona mchafu! Nilikuwa na barua yako tangu Februari. Mashavu mawili, kuvuka pua, jua, nywele, vyote uliandika wewe usiyesomea, nami nikakujibu habari za mkorogo. Kazi yangu ni kutazama mtu. Sikumtazama, nikamwonea kinyaa kutoka Songea.

Kwa hiyo nauliza tena, na nitauliza kila barua. Nilikwambia uoshwe kwa sabuni mpaka utoke. Haukuwa wa kutoka. Kilitokea nini siku ile? Mimi ndiye niliyeagiza, nina haki ya kujua nilichoagiza.

Mwanao,
Tupokigwe


Ikuti
7 Julai 2024

Mwanangu Tupokigwe,

Marahaba. Tuna baridi ya kukata masikio, asubuhi nyasi ni nyeupe, maji ya mtungi yanauma meno. Ndama amekua, ana kiburi kama mwenye jina lake: baba yako amempa lako. Lusungu amerudi tangu tarehe 15 Juni. Andrea ameacha kazi ya Mbeya, amepata ya hapa Tukuyu, analala nyumbani. Habari za Suma hakuna anayezitaja.

Nimeandika barua hii mara tatu, mbili nimeziwashia moto. Hii itakwenda.

Ilikuwa siku ile barua yako ya kwanza ilipofika, Jumamosi. Niliifurahia. Nikasema mtoto wangu nesi ameniunga mkono. Nikamtoa Lusungu nje, nikamkalisha kwenye kigoda uani, juani, ili nione vizuri. Nilichukua sabuni ya mche na dodoki, lile kavu la kusugulia sufuria. Nikamshika kidevu kwa mkono wa kushoto.

Alisema, "Mama, hakitoki. Ni ngozi yangu hii, sijapaka." Nikamwambia kitatoka. Nilisugua shavu la kulia mpaka sabuni ikawa ya waridi, nikahamia la kushoto, kisha pua. Niliona kinyaa, mwanangu, ule utandu unaobaki kwenye dodoki nikasema hii hapa krimu yake inatoka. Ilikuwa ngozi. Hellen alikuwa amesimama kwenye ua, akanitia moyo.

Lakini sicho hicho kinachoninyima kula. Ni mikono yake. Aliinua yote miwili anizuie, akaiweka juu ya mkono wangu, na vidole havikuweza kufunga. Vilikaa tu pale juu, vyepesi. Nilidhani hajali. Nikasugua hivyo hivyo na mikono yake juu ya wangu.

Baba yako hakuwepo. Alipoingia mle ndani Aprili kumbeba, ndiyo mara ya kwanza aliuona uso ule, na maganda bado yako mashavuni. Kule Igogwe aliniuliza ni ugonjwa? Nikajibu ni ugonjwa. Nesi alikuwa anasikia, akanitazama. Mpaka juzi ndipo nimemwambia mzee ukweli. Hajanigombeza. Amehamishia kitanda chake chumba cha mbele.

Wewe unajiona mchafu kwa maneno ya kwenye karatasi. Nami nakuambia, dodoki halikuwa mkononi mwako. Usilibebe hilo, una mitihani.

Lusungu sijamwomba msamaha. Nimefungua mdomo mara nyingi, anaanza yeye, "Mama, umeamkaje," nami najibu nimeamka salama. Kopo nalimwaga mimi. Nimemkatalia Andrea, nimemkatalia na yeye mwenyewe. Kila asubuhi nalipeleka kwenye mwanga, naangalia kama yule nesi, na siku kumi na mbili hizi halina povu. Pua siizibi.

Kisha namletea maji ya uvuguvugu ya kunawa, kwa kuwa vidole vyake asubuhi bado vizito. Namnawisha kwa kiganja tu, hata kitambaa situmii. Ngozi imeota, ya kulia imebaki na doa jeupe. Nakaa mbele yake kwenye kile kigoda, nachovya mkono polepole ili auone. Na kila asubuhi, kabla sijamgusa, anafumba macho na kukaza meno, halafu ananiambia ahsante.

Mama yako,
Esnath